Parachichi Lililonadiwa Mara Sita

Elina Mwalongo hajawahi kugombana na serikali. Miaka kumi na moja ameuza kachori ndani ya uzio wa shule moja ya msingi pale Lyamkena, Makambako, kwenye kibaraza cha darasa la sita, na miaka yote hiyo serikali kwake ilikuwa kitu cha kwenye redio. Halafu mwezi wa pili, siku ya Jumanne, serikali ikaja mpaka mezani kwake, ikamkuta kachori ziko kwenye mafuta, ikamwambia avue aproni.

Serikali yenyewe ilikuwa Mwalimu Amon. Kijana wa miaka ishirini na saba, anafundisha hisabati, na ndiye mwalimu wa afya na lishe. Lishe hakuisomea popote. Siku ya kugawana majukumu alichelewa kikao, akakuta yote yameshachukuliwa limebaki hilo.

"Shikamoo, Mama Eveline."

"Marahaba, mwalimu. Mbili au tatu?"

"Leo hapana. Mama, hiyo aproni inabidi uivue."

Elina akajiangalia kifuani. "Imefanya nini?"

"Ni tangazo."

"Ni aproni, mwalimu. Inazuia mafuta."

Kweli ilikuwa inazuia mafuta. Ilikuwa pia ya njano, na mbele ina chupa ya juisi yenye macho na meno, inacheka, chini imeandikwa Chekacheka. Watu wa juisi ya Chekacheka walipita mwaka juzi na gari lenye muziki, wakagawa aproni kwa akina mama wanaouza mashuleni, wakagawa na mwavuli mmoja mmoja. Elina hata hiyo juisi hauzi. Alichukua aproni kwa sababu ni aproni.

Amon akatoa karatasi mbili zilizobanwa pini, akaanza kusoma. Waraka umekuja. Ndani ya shule hakuna tena kuuza soda, juisi za rangi, krispi, chipsi, kachori, pipi. Hakuna picha wala jina la vitu hivyo mahali ambapo mtoto anaweza kuona. Wanaotaka kuendelea kuuza wauze vyakula bora. Wasiotaka, nje.

Elina alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. Akaelewa kachori. Kachori ina mafuta, haina ubishi, yeye mwenyewe ikimzidi inamchoma moyo. Akaelewa aproni kidogo kidogo. Kisha akanyoosha mwiko kuelekea kona ya ofisi.

"Na lile?"

Pale kona kulikuwa na tenki la maji la lita elfu tano, la njano, na ile ile chupa ya meno imechorwa kuanzia juu mpaka chini. Hii ilikuwa na mikono kabisa, inawapungia watoto.

Amon akalitazama kama vile limeletwa asubuhi hiyo. "Lile ni maji," akasema.

"Limeandikwa Chekacheka."

"Ndani ni maji, mama."

"Na ndani ya aproni ni mimi."

Amon akakunja karatasi zake. Elina akavua aproni, akaigeuza, akaivaa ndani nje. Chupa ikawa inacheka kwa nyuma ya kitambaa, maandishi yanasomeka kinyumenyume. Watoto wa darasa la pili wakaanza kuyasoma hivyo hivyo kwa sauti siku nzima, na kabla ya hapo hakuna mtoto aliyewahi kuhangaika kuyasoma.

Sasa, mtu atauliza, kwa nini asitoke tu nje? Mwenzake Jeni alitoka siku ile ile. Jeni alikuwa anauza barafu na krispi meza ya pili, mdomo mwepesi, miguu miepesi zaidi. Alibeba ndoo yake na benchi, akavuka barabara, akakaa mbele ya duka la mbolea, akapunga mkono.

"Waraka unaishia getini, dada Elina! Huku mimi ni raia huru!"

Lakini Elina na kile kibaraza ni habari nyingine. Elina amezaliwa kijiji kimoja kule mbele ya Igwachanya, kwenye viazi na mahindi, mtoto wa tano kati ya wanane. Akamaliza darasa la saba. Akaolewa na Stanley, mpakia mizigo wa Makambako, mtu wa kucheka sana, ambaye siku moja alipanda lori la Tunduma kwenda kushusha mbao na huko akapata familia nyingine. Hajafa, hajaumwa. Anatuma salamu. Nyumba walikuwa wamepanga, ikabidi ahame. Akahama tena. Kwaya ikavunjika, ikaundwa upya bila yeye. Eveline, mtoto wake wa pekee, yuko chuo cha uuguzi mwaka wa pili na akija likizo analala kama mgeni. Kitu pekee ambacho hakijawahi kumhama Elina ni pale kwenye kibaraza. Walimu wakielekezana wanasema "pale kwa Mama Eveline." Kuna mafundi walikuja kupiga chokaa ukuta mzima wakaacha alama ya mgongo wake, wakadhani ni mpaka wa kitu fulani. Hapo ndipo alipokuwa anapagombania. Kachori hakuzililia.

Kwa hiyo aliposikia kuna semina Njombe, watu wawili kila shule, mwalimu mmoja na muuzaji mmoja, aliinua mkono kabla Amon hajamaliza kusema. Wakaenda. Njombe ilikuwa ukungu mpaka mlangoni, watu wamekaa ukumbini na makoti, wanapumua moshi. Mtaalamu alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri sana, na alichosema Elina alikiandika chote kwenye daftari walilopewa.

"Kwa nini mtoto anakimbilia krispi?" aliuliza yule mama. "Kwa sababu krispi inaimbiwa! Ina rangi, ina nyimbo, ina redio. Parachichi lina nani? Halina mtu! Njombe nzima imejaa maparachichi, na mtoto wa Njombe hali. Nyie akina mama ndio mtakaolisemea. Lisemeeni! Liimbieni! Nyie ndio redio ya parachichi!"

Watu wakapiga makofi. Elina alipiga sana. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne alijisikia anaelewa.

Chakula cha mchana kikaja: wali, nyama, na soda. Elina akamgeukia Amon. "Tunywe?"

"Sijui, mama," Amon akasema. Yake ilikuwa imeshafika nusu.

Wakati wa kurudi Elina alinunua gunia la maparachichi yaliyokataliwa na wanunuzi wa kupeleka nje. Hayakuwa na ugonjwa. Yalikuwa na madoa kwenye ganda tu, na huko nje inaonekana watu wanakula ganda.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Alipanga meza vizuri: maparachichi yaliyokatwa nusu na chumvi pembeni, mayai ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, ndizi. Watoto walikuja mapumziko ya saa nne, wakasimama mbele ya meza kama watu wanaotazama ajali.

"Mama, kachori ziko wapi?"

"Hakuna kachori. Kuna parachichi."

"Parachichi?" Kijana wa darasa la tano aliangalia wenzake. "Si hilo tunawapa nguruwe nyumbani?"

Walicheka mpaka wakashikana. Na hakuwa anadanganya. Kwa watu wenye miti mikubwa ya zamani uani, maparachichi yakianguka yanaoza chini, na anayefurahi ni nguruwe. Watoto wakageuka, wakapitisha mikono kwenye matundu ya uzio, na Jeni kule ng'ambo akawa anavuka na ndoo kuwafuata. Elina alirudi nyumbani na karibu meza nzima. Amon alinunua moja kwa huruma, na huruma yenyewe ilionekana.

Jumapili Elina akaenda kanisani kama kawaida.

Kwa asiyejua sharika za Walutheri wa huku: ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanatoka nje, na vile vitu ambavyo watu wamemtolea Mungu, kuku, boga, mkungu wa ndizi, debe la viazi, vinanadiwa. Mnadishaji anasimama na kitu juu ya kichwa, anakisifia, anataja bei, na watu wanaongeza. Kuna wanaojinunulia, kuna wanaomnunulia mchungaji au mgeni au mama mkwe. Utamu ni pale mtu analipa halafu anapiga kelele, "Narudisha mnadani!" na lile boga linapanda tena hewani kuuzwa upya. Boga moja linaweza kulipiwa na watu wanane na bado likaenda nyumbani kwa wa tisa. Hela yote ni ya kanisa. Mabati yalipatikana hivyo.

Na mnadishaji wa usharika wao, upande wa akina mama, ni nani? Ni huyu huyu Elina. Sauti anayo. Akisimama na kuku, kuku mwenyewe ananyamaza kusikiliza.

Jumapili ile alikuwa ameshika boga juu, watu wanacheka, wanaongeza, na kichwani mwake likaja neno la yule mama wa Njombe. Liimbieni.

Jumatatu, saa nne, kengele ikalia. Watoto wakaanza kukimbilia uzioni. Elina akachukua parachichi moja zuri, akalipandisha juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akaanza na salamu ya Kibena.

"Jamani kamwene! Hili hapa! Limelelewa na baridi ya Njombe, halijapigwa na mtu, halina mdudu, laini kama shavu la mtoto mchanga! Mia mbili ya kwanza naiona wapi?"

Mia mbili ndiyo ilikuwa bei. Alichotaka ni mtu aje na mia mbili tu. Aazime sauti ya mnada, basi, mengine ayaache kanisani.

Lakini wale watoto nao Jumapili wanakwenda huko huko. Wote wakasimama. Kisha kasichana kadogo ka darasa la tatu, Peace, kenye soksi moja imepanda na moja imeshuka, kakainua mkono.

"Mia tatu!"

"Mia tatu na hamsini!" mwingine nyuma.

"Mia nne, namnunulia mwalimu wa zamu!"

Elina alijua kabisa hapo ndipo pa kusema hapana. Alifungua mdomo aseme. Mdomo wake una mazoea ya miaka, ukatoa kitu kingine: "Mia nne mara ya kwanza! Nyie wa darasa la saba mmelala?"

Uwanja ukalipuka. Kijana mrefu wa darasa la saba akalipa, akalishika parachichi, akaliangalia, akapaza sauti, "Narudisha mnadani!" Na likapanda tena. Parachichi lile lilinadiwa mara sita. Aliyelipata mwisho alikuta limelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, akalila hivyo hivyo kwa fahari, na wenzake wakamzunguka kumwangalia anavyokula. Mengine yote yakaisha kabla ya kengele. Mayai yakaisha. Hata viazi. Ng'ambo ya barabara Jeni alikuwa amesimama juu ya benchi lake kuona kuna nini.

"Dada, umeleta wachekeshaji?"

"Parachichi!" Elina akajibu, anahema.

Alikuwa na furaha mpaka alipofika nyumbani na kuingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Pale furaha ikaingia doa. Kanisani hela ya mnada ina pa kwenda. Hii ilikuwa imekaa mfukoni mwake. Parachichi moja, watu sita wamelipa, aliyekula mmoja. Ni haramu? Hakumdanganya mtu. Ni halali? Mbona mkono ulitoka mfukoni haraka vile? Akaiweka kwenye kopo peke yake, hakuitumia wala hakujua anaitunzia nani.

Jumanne alienda amejiapiza: bei moja, kimya, basi. Watoto walifika wakapiga makofi ya mdundo, wakaanza kumwimbia ule wimbo wa mnada wenyewe, na mmoja akapandisha parachichi juu kabla yake. Aliwaambia waache. Tuseme ukweli, aliwaambia kwa sauti ambayo mtu husema "msinisumbue kunikaribisha." Jumanne ikawa mnada, Jumatano ikawa mnada, na hela yake ikaingia kopo lile lile. Uzioni kukawa hakuna mtoto. Mwalimu mkuu, Mwalimu Margareth Kilasi, alipita na kikombe chake cha chai, akaona shule nzima inagombania maparachichi, akasema, "Haya ndiyo mambo!" Hata Amon alionekana ameanza kuipenda lishe. Jumatano hiyo mtoto mmoja alimletea parachichi mpaka ofisini, mikono miwili, na goti. Akashukuru, akalila na mkate.

Alhamisi Elina akapata wazo la kujitoa kwenye ile hela ya kopo. Kwa sehemu ya hela hiyo akanunua maparachichi ndoo mbili, akayakata vipande, akawagawia watoto bure, kila mmoja kipande, darasa kwa darasa. Moyo ukatulia. Ukatulia dakika kama kumi, mpaka Amon alipokuja anatembea haraka, mwongozo wa waraka mkononi.

"Mama Eveline, unafanya nini?"

"Nawarudishia."

"Hii imekatazwa kabisa. Ukurasa wa pili. Kugawa chakula bure shuleni kwa lengo la kuvutia wateja."

"Siwavutii, mwalimu. Walishavutika. Nawarudishia hela yao."

"Kwenye mwongozo hakuna kurudishia."

"Kuna kuuza?"

"Kuuza kupo."

"Kwa hiyo nikiwauzia ni sawa, nikiwapa ni kosa?"

Amon aliangalia ukurasa wa pili, akaangalia wa kwanza, akageuza nyuma kuona kama kuna kilichoandikwa. "Ngoja niulize," akasema.

Hakuwahi kuuliza. Ijumaa asubuhi akaja Laurenti, baba yake Peace, mwendesha bodaboda wa stendi, helmeti mkononi, na akapita meza ya Elina bila salamu, moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtu wa huku akikupita bila salamu ujue kesi yako imeshaanza.

Ilikuwa hivi. Jumatatu Peace alipewa hela ya mtihani wa majaribio aipeleke shule. Jumatano akaipeleka yote kwenye mnada, akanunua parachichi moja, akampelekea Mwalimu Amon.

Kamati ya shule ilikaa Jumatatu iliyofuata kwenye darasa la tatu, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti, Mzee Methusela, ni mfanyabiashara wa mbao na simu yake haizimwi. Elina alikaa mbele peke yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Ajenda ilikuwa moja, na Mzee Methusela aliisoma hivyo hivyo: Mama Elina Mwalongo abaki ndani ya shule au atoke.

Laurenti akasimama. "Mimi sina ugomvi na parachichi. Nalila. Nina ugomvi na kelele. Mmetuita hapa mwezi wa pili mkatuambia krispi inamvuta mtoto kwa picha, inampumbaza, anatoa hela bila akili. Tukakubali. Sasa krispi ikimwita mtoto wangu kwa picha ni kosa, huyu mama akimwita kwa mdomo ni lishe?"

Elina alijisikia ameshikwa mahali. Aliona wazi kwamba Laurenti ana haki. Na aliona wazi hivyo hivyo kwamba mama wa Njombe alikuwa na haki. Akajaribu kuwaweka wote wawili kichwani kwa wakati mmoja, akashindwa, kama mtu anayejaribu kukaa kwenye viti viwili.

"Lakini watoto wamekula parachichi," akasema Mwalimu Margareth. "Shule nzima. Haijawahi kutokea."

"Na huyo aliyekula la mwanangu ni nani?" akauliza Laurenti. "Maana yeye mwenyewe hata kulionja hakulionja."

Amon akainuka taratibu kutoka dawati la nyuma. "Ni mimi. Nilidhani ni zawadi."

"Ilikuwa zawadi," ikasema sauti mlangoni. Peace alikuwa amesimama pale na soksi zake. "Bibi huwa anamnunulia mchungaji."

Watu walicheka, Laurenti hakucheka. "Unaona sasa?" akamwambia mwenyekiti, na ile hasira ilikuwa imemtoka, imebaki kitu kingine. "Nikimchapa kwa kununulia mwalimu, Jumapili bibi yake anampongeza kwa kununulia mchungaji. Nimwambieje? Kuwa mkarimu Jumapili tu?"

Elina akasimama. "Hela yake ninayo, baba Peace. Hii hapa."

"Nimeshalipa nyingine, mama. Kaa nayo. Mimi nilitaka kujua tu nimwambie nini."

Simu ya Mzee Methusela ikalia, akaongea habari za mbao, akarudi. "Tuko wapi? Tumtoe mama, au tumtoe mwalimu?"

"Au tenki," mtu mmoja akasema chinichini.

"Tenki tumeshaliongea!" akasema Mwalimu Margareth haraka. "Tukilipaka rangi, Chekacheka hawatatupa la pili."

Elina akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwenyekiti, mimi nauliza tu. Mniambie nisifanye nini, sitafanya. Nisiimbe? Sitaimba. Nisiongee? Nitanyamaza. Mtoto akiniuliza mama, limeiva, nikisema limeiva, hapo nimeuza au nimetangaza?"

Mzee Methusela akachukua waraka, akausoma wote kwa sauti, mwanzo mpaka muhuri. Ulizungumzia soda. Ulizungumzia picha, mabango, redio, fulana, zawadi, michezo ya kubahatisha. Mama mwenye sauti hakuwemo.

Basi wakaamua kile ambacho kamati huamua. Iandikwe barua wilayani kuuliza. Na mpaka jibu lije, Mama Eveline asikae ndani, maana suala halijaamuliwa, na asikae nje, maana hajafukuzwa. Akae getini.

Kesho yake alipeleka meza getini. Alipima kwa macho, akaweka miguu miwili ndani ya reli ya geti na miwili nje, akapanga maparachichi, akakaa. Hakusema neno. Watoto waliingia wakimpita wakimtazama usoni, wakisubiri. Mmoja akampigia makofi ya mdundo, akaona mdomo haufunguki, akaacha. Ng'ambo Jeni alisimama mikono kiunoni.

"Dada, uko huku au uko huko?"

Elina akatingisha kichwa. Hakujua kama kumjibu Jeni nako kumo kwenye barua.

"Njoo ukae hapa, benchi hili lina nafasi! Utauza kachori, utaimba, utavaa aproni yako, nani atakuuliza?"

Ilikuwa kweli. Hatua kumi na tano tu, kila kitu kinaruhusiwa. Elina aliangalia zile hatua kumi na tano. Hakuna aliyewahi kumpa ofa rahisi namna hiyo. Alijaribu kuitaka, kwa bidii kabisa, akakuta haitaki, na hakuweza kujieleza kwa nini, maana kwa hesabu yoyote Jeni alikuwa sahihi.

Saa mbili mlinzi akaja kufunga geti. Akavuta, likagonga meza. Akavuta tena.

"Mama, sogea."

"Wapi?"

Mlinzi akafikiri. "Kokote."

"Niambie upande."

Mlinzi akaenda kumwita mwalimu mkuu. Mwalimu Margareth akaja na kikombe chake, akaona geti, akaona meza, akamwona Elina amesimama na kitenge kimefungwa vizuri kiunoni.

"Mama Eveline, geti lazima lifungwe. Ni usalama wa watoto."

"Ndiyo, mwalimu. Nisogee ndani au nje?"

Mwalimu Margareth akatazama ndani, akatazama nje. Ndani alikuwa hana ruhusa ya kusema. Nje alikuwa hana moyo wa kusema. Akanywa chai ambayo ilionekana imeisha.

Elina akamsubiri kwa adabu muda ambao mtu mwenye adabu husubiri. Kisha akainama, akanyanyua meza yake na maparachichi juu yake, peke yake, akaibeba kwa kifua, akapita nayo mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya tenki linalopunga mikono, mpaka kibarazani kwa darasa la sita. Akaiweka. Akakaa. Mgongo ukaupata ukuta wake.

Mwalimu Margareth alikuwa amegeuka anaangalia bendera. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko bendera inavyohitaji. Mlinzi akafunga geti.

Mpaka leo barua haijajibiwa. Elina yuko pale. Hanadi, haimbi, na aliyezoea kumsikia anaweza kudhani anaumwa koo. Wengine bado wanapitisha mikono uzioni kwa Jeni, wengine wanakuja. Wanaokuja wananunua parachichi kwa mia mbili, wanakula kimya kimya wamesimama karibu naye, kisha wananawa mikono kwenye tenki. Siku nyingine anauza meza nzima, siku nyingine nusu, na hajagundua siku hizo zinatofautiana nini. Amon akipita humsalimia, hununua moja na kulipa palepale, na kabla ya kulila huangalia kwanza huku na huku.